Sahani Aliyokatazwa Kuicheza

Benchi la Gulizar halina uzuri wowote, asije mtu akadanganywa. Limeegeshwa ukutani nje ya mgahawa wake wa Kituruki, huko Hackney, mashariki ya London, likitazamana na maghorofa ya baraza la mji, na msumari wake mmoja umeshachana suruali za watu wazima wengi tu. Lakini njoo Jumamosi saa nne asubuhi uone kama utapata pa kukaa. Wenye benchi ni watatu. Kuna Profesa, jina lake Clive. Alisambaza barua miaka thelathini na moja na hajawahi kufundisha hata kasuku, ila hakuna asilolijua. Kuna Mlangoni, yaani Everton, baunsa mstaafu aliyelinda milango ya kumbi za dansi za upande huu, na kwa hiyo anadai alikuwepo kila mahali. Na kuna Neville, anayeitwa Waya, kwa sababu enzi za redio bubu, zile zisizo na kibali, ni yeye aliyekuwa akipanda mapaani kufunga antena. Waya hupenda kusikiliza kuliko kusema. Jumamosi hiyo kahawa yake ilipoa mkononi bila kuguswa, na wenzake hawakuona.

— Jumanne ndiyo siku, alianza Profesa. Nyapara anapasuliwa sikio.

— Masikini! alisema Mlangoni. Lipi?

— La kulia. La kushoto lilikufa kitambo, hata hawahangaiki nalo. La kulia limebakiza sauti nzito tu. Ukimwita haitiki, lori likipita anageuka. Sasa wanamwekea kimashine humo ndani, aanze kusikia maneno.

— Si jambo la heri hilo?

— Heri ndiyo, ila si bure. Hizo sauti nzito zilizobaki, daktari kamwambia zinaweza kupotea palepale kitandani. Na muziki kupitia kimashine kile, waliowekewa wanasema mwanzoni ni kama kijiko kinakwangua sufuria.

— Yaani Nyapara, Nyapara huyu huyu, anyang'anywe besi? Hii dunia haina adabu kabisa.

Gulizar alitoka na sinia ya kahawa, akasimama kusikiliza, kama kawaida yake.

— Nyapara ndiye yule baba wa ghorofa ya tatu? Anayenunua mikate miwili ya simiti, ile ya duara yenye ufuta, ukimsalimia kimya?

— Si jeuri, dada. Hasikii.

— Kwani alikuwa nani?

Loo! Mlangoni alisimama kabisa, mikono kifuani, kama anazuia watu wasiingie.

— Alikuwa nani? Miaka sita unamuuzia mkate mtu aliyefanya nusu ya Ulaya icheze, halafu unaniuliza alikuwa nani?

— Kaa chini wewe, alisema Profesa. Utamchanganya mama wa watu. Nitaeleza mimi kwa mpangilio. Lincoln Alleyne, mtoto wa Bi Eudora aliyetoka Barbados, Mungu amrehemu. Miaka ishirini na mbili tayari ni nyapara kwenye saiti za ujenzi, anaamrisha wanaume wa umri wa baba yake. Jina likamganda hapo. Jumatatu mpaka Ijumaa zege, Jumapili mchana redio bubu.

— Iliyoanzia chumbani kwangu, alidakia Mlangoni.

— Chumbani kwako ilikaa saa moja, mpaka mama yako alipotaka soketi apige pasi. Redio ilikuwa kwenye jengo hilo hapo mbele. Waya, sema.

— Jengo hilo, alisema Waya.

— Umesikia? Sasa sikiliza kazi yake. Alichukua santuri ya zamani ya Wamarekani, akatafuta pale mpiga ngoma anapoachwa peke yake. Sekunde sita, basi. Akaziingiza kwenye kompyuta, akazikatakata, akazipanga upya, kama mtu anayejenga ukuta kwa matofali ya nyumba iliyobomolewa. Akazitia mbio. Halafu chini yake akaweka besi isiyo na haraka na mtu. Juu watu wanakimbia, chini mzee mmoja anatembea zake taratibu. Nani alikuwa amefanya hivyo kabla yake?

— Wawili watatu, alisema Waya.

— Haya, wawili watatu! Lakini nani aliwafanya hata kina mama wa maghorofani waache kupika wasikilize?

— Hapo sina neno, Waya alikubali.

— Baadaye akatembea. Berlin, Sao Paulo, Osaka. Kule Osaka walimwinamia, mimi nina picha. Anarudi Jumatatu na masanduku mawili ya santuri, anapanda basi kama wewe na mimi, anakwenda kumpakia mama yake kuta za jikoni rangi. Wapiga muziki wangapi alifundisha bure kwenye kile kituo cha vijana? Wote wale wanaojaza viwanja leo, walianza kwa kumbebea sanduku. Na masikio yake nani aliyakumbuka? Miaka ishirini anasimama mbele ya spika ndefu kuliko mlango bila hata pamba.

Gulizar alikuwa ameshatoa simu yake mfukoni.

— Basi niambieni wimbo wake mkubwa, niusikilize sasa hivi.

Waya alihisi shingo inapata joto.

— Wimbo wake mkubwa unaitwa "Ngazi", alisema Profesa. Na humo kwenye simu haumo.

— Kila kitu kimo kwenye simu.

— Huo haumo. Siku zile ukimaliza wimbo husubiri kiwanda. Ijumaa mchana unapanga foleni kwa fundi wa kukata sahani za santuri. Anakuchongea moja, bati limepakwa rangi laini, linanuka kama rangi ya kucha. Wikendi hiyo unaicheza, na duniani kote ni wewe tu unayo. Raha yake ndiyo hiyo. Ubaya wake ni kwamba ni laini: kila sindano ikipita inakula. Ukiicheza mara hamsini, sitini, imechoka. "Ngazi" ilikatwa moja, na kanda iliyorekodiwa ikatafunwa na mashine wiki ileile.

— Kwa hiyo hiyo sahani iko wapi?

— Aa, hapo sasa! alisema Mlangoni, akisugua viganja. Iko Osaka. Kuna tajiri aliinunua, anaiweka kwenye friji, na mkewe haruhusiwi kuifungua hata kutoa maziwa.

— Acha porojo, alisema Profesa. Ni kampuni. Alisaini karatasi bila kusoma, wakaifungia kabatini ili asije akauza wimbo huo akawa mkubwa kuliko wao.

— Kampuni gani hiyo unayoogopa kuitaja?

— Ilishakufa. Na usinikatize. Tena kuna sababu ya pili. Siku alipoicheza hapa, ukuta wa ghorofa ya sita ulipasuka. Baraza likaleta mhandisi, akaandika ripoti: besi hii ni hatari kwa majengo. Nyapara ni mtu wa ujenzi, akaelewa, akaizika.

— Kuzika? Wewe hujui! Mlangoni alishusha sauti, akatazama barabara pande zote mbili. Mimi nilikuwa mlangoni usiku ule. Walikuja wanaume wawili, suti, viatu vya kung'aa. Jeshi. Besi ile inakwenda chini mno, unaona, inapita majini. Waliitaka kwa ajili ya manowari zao. Mpaka leo huko chini ya bahari wanapeana salamu kwa "Ngazi".

— Na nyangumi wanacheza, alisema Gulizar.

— Cheka tu. Waulize nyangumi.

Walicheka wote ila Waya. Angechekaje? Sahani ya "Ngazi" ilikuwa dakika nne kutoka pale benchini, ndani ya foronya ya mto, kwenye kabati lake la nguo, nyuma ya koti la harusi. Haikuwa imekwenda Osaka wala baharini. Lincoln mwenyewe ndiye aliyemletea, Agosti ya mwaka tisini na saba, wiki moja baada ya kumzika Bi Eudora.

Katikati ya wimbo ule kulikuwa na sauti ya mama yake. Lincoln alikuwa akirekodi nyumbani, mlango wazi, Bi Eudora akapiga kelele kutoka jikoni, na yeye akaiacha humo kwa utani. Mama alipofariki, utani ukaisha. Hakukuwa na sauti yake nyingine popote. "Ikae kwako, Neville," alisema siku ile, macho mekundu. "Ikibaki kwangu nitaicheza mpaka iishe. Na wewe usiicheze. Kila ukiicheza unamfuta." Waya akaapa.

Alitimiza kiapo miaka miwili. Halafu mkewe akaondoka, nyumba ikawa kubwa, na Jumapili moja mchana akasema mara moja tu. Bi Eudora ndiye aliyemlisha utoto wake wote, mama yake Waya alipokuwa zamu za usiku; sauti ile ilikuwa na harufu ya wali na samaki wa chumvi. Mara moja ikawa kila Krismasi. Kila Krismasi ikawa kila mwezi. Kwanza zikaondoka zile ngoma nyembamba za juu. Kisha sauti ya Bi Eudora ikaanza kuchakaa, na Waya, badala ya kuacha, akazidi kuicheza kwa hofu, ahakikishe kama bado ipo. Unaweza kumwita mpumbavu. Yeye mwenyewe alijiita hivyo kila mara alipoirudisha kwenye foronya.

Ndipo akaja Corinne. Alikuwa na sare yake ya udereva wa basi, uso umechoka, akasimama mbele ya benchi bila kukaa. Ni binti pekee wa Nyapara.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba, mwanangu, alisema Profesa. Baba anaendeleaje?

— Yupo. Wiki nzima nimechukua likizo za nusu siku, namchezea santuri zake, moja moja, azisikie kabla ya Jumanne. Anakaa ameegemea spika. Nyingine analia, nyingine ananiambia toa hiyo, niliharibu. Jana zikaisha. Akasema imebaki moja tu, "Ngazi".

Mlangoni alimtazama Profesa. Profesa akatazama kikombe.

— Nikamuuliza iko kwa nani, hataki kusema. Anasema aliyenayo ameitunza vizuri miaka yote hii, tusimsumbue. Mimi nasema tumsumbue. Kwa hiyo nimekuja kwenu. Nyinyi si mnajua kila kitu cha baba?

— Mwanangu, hilo ni jambo zito, alianza Profesa. Kuna upande wa mikataba...

— Kuna upande wa jeshi, alisema Mlangoni.

— Ngojeni kwanza. Corinne aliinua mkono. Mimi nimezaliwa, nimekua, nasikia tu "Ngazi", "Ngazi". Sijawahi kuisikia. Niambieni kitu kimoja: unakwendaje?

— Nini?

— Huo wimbo. Unakwendaje? Niimbieni kidogo tu.

Mlangoni alifungua mdomo, akaanza "dum, dum", akasita, akakuna kichwa. Profesa akafumba macho kama anayetafuta namba ya nyumba. Akasema besi yake ilikuwa... ilikuwa nzito. Nzito kweli. Corinne aliwatazama mmoja mmoja. Miaka ishirini na saba walikuwa wamebishana juu ya wimbo huo, na hakuna aliyeweza kumpa hata kipande.

Waya hakupanga kufanya alichofanya. Vidole vyake vilianza vyenyewe kwenye ubao wa benchi, haraka, vikirukaruka, pale vikisita, pale vikijikwaa makusudi. Kisha kooni ikaingia besi, noti nne zinashuka, moja inapanda, zinashuka tena. Aliinamisha kichwa na kuendelea. Alijua kila kona. Ilipofika katikati akanyamazisha vidole, akainua uso, na kwa sauti ya mama wa Barbados aliyechoka na aliyependa, akasema:

— "Lincoln! Hebu punguza, mtoto amelala!"

Kisha vidole vikarudi kazini, mpaka Corinne alipomkatiza.

— Bibi huyo? aliuliza Corinne.

— Bibi yako.

— Na mtoto?

— Wewe. Ulikuwa na miezi mitatu.

Profesa aliweka kikombe chini taratibu.

— Waya. Wimbo huo ulichezwa hadharani mwezi mmoja tu, mwaka tisini na saba. Hakuna binadamu anayekumbuka namna hiyo.

— Najua.

— Ni wewe.

— Ni mimi. Nimekaa nayo siku zote.

— Na umetuacha hapa tunahangaika na nyangumi! alifoka Mlangoni.

Lakini Waya hakuwa akizungumza na Mlangoni. Alisimama, akamtazama Corinne.

— Baba yako anasema nimeitunza. Sikuitunza, mama. Aliniambia nisiicheze, nikaicheza. Nilikuwa mpweke, nikawa mwizi. Ngoma za juu zimekwisha. Bibi yako amebaki kama mtu anayeongea nyuma ya mlango uliofungwa. Hata maneno huwezi kuyashika.

— Si ungerekodi, anko? Hata kwa simu?

— Ningerekodije kitu nilichoapa kutokigusa? Kurekodi kungekuwa kukiri. Naona aibu, Corinne. Siku zote hizi naona aibu.

Corinne alikaa. Alikaa hasa kwenye ule msumari, na hakujali. Alifuta macho kwa mkono wa sare. Usimlaumu, alikuwa amepata sauti ya bibi yake na kuipoteza kwa dakika moja.

— Besi je? aliuliza mwishowe. Na besi imeliwa?

— Besi ipo. Besi ina mtaro mpana, sindano haiwezi kuimaliza haraka. Ipo karibu yote.

— Baba hasikii kitu kingine, anko. Kalete.

Ghorofa ya tatu, Nyapara alikuwa kwenye kiti chake kando ya spika, blanketi magotini. Waya aliingia wa kwanza, foronya mikononi, Corinne nyuma yake. Profesa na Mlangoni hawakualikwa, walisimama ukumbini wakisukumana wapate kuona.

Nyapara aliitoa sahani mwenyewe. Akaishika kwa kingo, akaielekeza dirishani. Mtu wa kazi ile haulizi. Mistari iliyopaswa kuwa myeusi na kung'aa ilikuwa imepauka kijivu toka mwanzo hadi mwisho. Aliitazama muda mrefu. Waya alitamani sakafu impokee.

— Umeicheza, alisema Nyapara kwa sauti kubwa, kama wasiosikia wanavyosema.

Waya akaitikia kwa kichwa.

— Sana.

Waya akaitikia tena. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Alijipiga kifua, akaonyesha juu, akaonyesha mdomo, hakujua anamwambia nini. Nyapara akamkazia macho, kisha akapapasa mkono wake na kuushika.

— Na wewe mama alikulea, alisema. Nilisahau kukuuliza kama na wewe umefiwa.

Akamrudishia sahani.

— Weka.

Waya aliiweka, akashusha sindano. Kwanza ukaja mchakacho, ngoma zimebaki vumbi tu. Halafu besi ikaingia, noti nne zinashuka, moja inapanda, na uso wa Nyapara ukafunguka. Aliegemeza sikio la kulia kwenye mbao za spika na kufumba macho. Corinne alikuwa amenyanyua simu anarekodi, mkono mmoja mdomoni. Ilipofika katikati, Nyapara akainua kidole kimoja kabla ya wakati, na midomo yake ikatamka bila sauti: Lincoln, hebu punguza. Kwenye spika kulisikika kitu kidogo, pumzi hivi, nyuma ya mlango. Corinne alikisikia. Alimgeukia Waya, na Waya akakubali kwa kichwa: ndiye.

Besi iliendelea. Kabla haijafika mwisho, Nyapara alinyoosha mkono, akaupiga ukuta kwa kiganja, mara tatu, kwa nguvu.

Watu wa muziki ule wanajua maana yake. Ukumbi mzima ukipenda wimbo, hupiga ukuta, na DJ hana hiari: husimamisha na kuanza upya. Waya alijua pia sahani imebakiza nini. Alimtazama rafiki yake, amefumba macho, kiganja bado kipo ukutani, anasubiri.

Akaweka kidole juu ya sahani, akairudisha mwanzo.